Kwanza tendo, sababu baadaye

Kwa karibu miaka miwili nilikwenda kazini kwa bodaboda bila kuvaa kofia ngumu. Kijana aliyekuwa akinibeba alikuwa nayo ya abiria, kaitundika kwenye usukani, na kila asubuhi alinyoosha mkono kunipa. "Dada, vaa helmeti basi." Na kila asubuhi nilikuwa na jibu. Ni hapo tu, kaka, si mbali. Hiyo imevaliwa na watu wangapi, inanuka jasho, mtu ataondoka na mba za wenzake. Halafu wewe mwenyewe huna mbio. Niliyasema hayo kwa moyo mweupe, na hata leo naona kila moja lilikuwa na ukweli wake.

Siku moja yule kijana akaja na kofia mpya. Nyekundu, nailoni bado imeshika kwenye kioo, na pamoja nayo kanunua vikofia vyepesi vya kitambaa vya kuvalia ndani, kila abiria na chake. Harufu hakuna, mba hakuna. Nikaishika, nikaigeuza, na kabla sijawaza lolote nikajisikia nikisema, "Nimesuka juzi tu, kaka, itaniharibia nywele."

Jibu lile lilinishtua mimi mwenyewe. Kusuka nilikuwa nimesuka kweli. Lakini kama tatizo lilikuwa harufu, basi harufu ilipoondoka ningevaa. Sikuvaa. Kutovaa kulibaki palepale kama figa, na sababu ndizo zilizokuwa zikipishana juu yake kama sufuria.

Hali hiyo ina jina. Leon Festinger, mwanasaikolojia wa Marekani aliyezaliwa New York mwaka 1919, aliifafanua katika kitabu alichokitoa mwaka 1957, na kwa Kiswahili tunaweza kuiita mgongano wa fikra. Mtu akiwa na mawazo mawili yasiyopatana, hasa moja likiwa ni la yeye ni mtu wa namna gani na jingine ni la alichokifanya, hukosa raha. Mimi ni mtu mzima mwenye akili zangu, nina watoto wanaonitegemea. Kila asubuhi napanda pikipiki kichwa wazi. Hayo mawili hayalali chumba kimoja. Waswahili tulikuwa na maneno ya hali hiyo zamani: nafsi inamsuta, roho haimpi. Alichoongeza Festinger ni kwamba usumbufu huo humsukuma mtu kama njaa inavyomsukuma. Mwenye njaa hatulii mpaka ale, na mwenye mgongano hatulii mpaka aupunguze.

Ningeweza kuupunguza kwa kuvaa kofia, na habari ingeishia hapo. Lakini kubadili tendo kuna gharama, na mara nyingi tendo lenyewe limeshapita, na maji yakimwagika hayazoleki. Kinachobaki laini, kinachokunjika bila kuvunjika, ni wazo. Festinger alipenda mfano wa mvutaji sigara. Anajua sigara inaua, na anavuta. Basi huanza kutilia shaka utafiti, au husema kwamba akiacha atanenepa, na unene nao ni ugonjwa. Polepole, bila kuamua, anajijengea nyumba ya hoja inayoweza kukaliwa.

Hapa watu wengi hukosea kidogo, kwa kudhani tunazungumzia uongo. Mwongo anajua ukweli uko wapi, na anauzungukia. Anayejihalalishia hajui. Yeye ndiye wa kwanza kudanganywa, na ndiyo maana ukimbana hukasirika badala ya kuona haya. Sungura aliyeziacha ndizi akisema sizitaki mbichi hizi tunamcheka kwa sababu tunadhani anaficha. Mimi sidhani anaficha. Nadhani alipofika mbali kidogo, zile ndizi zilikuwa mbichi kweli machoni pake.

Wazo hili lilimjia Festinger kutokana na tetemeko la ardhi. Januari 1934 eneo la Bihar, kaskazini mwa India, lilipigwa na tetemeko kubwa. Mtafiti wa Kihindi aitwaye Prasad alikusanya uvumi uliosambaa baadaye katika sehemu ambako watu waliisikia ardhi ikitikisika lakini hakuna kilichobomoka. Uvumi ulikuwa wa kutisha: kimbunga kinakuja, mafuriko yanakuja, tetemeko jingine kubwa zaidi linakuja. Festinger alijiuliza kwa nini watu waliosalimika wajitungie hofu mpya. Akalinganisha na habari za Darjeeling, sehemu nyingine ya India, ambako maporomoko ya udongo yaliua na kubomoa kweli, na huko uvumi wa aina hiyo haukuonekana. Jibu alilolipata lilikuwa la kushangaza. Watu wa kule kusikobomoka walikuwa na hofu mwilini na hawakuwa na kitu cha kuiegemeza. Uvumi uliwapa sababu ya kuogopa. Hofu ilitangulia, sababu ikatafutwa.

Jaribio lililolifanya wazo hili lijulikane dunia nzima alilifanya na James Carlsmith katika Chuo Kikuu cha Stanford, matokeo yakachapishwa mwaka 1959. Linastahili kusimuliwa polepole.

Mwanafunzi anaingia chumbani peke yake. Anapewa sinia na vigurudumu 12 vya kukunjia uzi. Kazi yake ni kuvipanga kwenye sinia, kuvitoa, kuvipanga tena, kwa mkono mmoja, kwa nusu saa. Kisha anapewa ubao wenye vigingi 48 vya mraba. Anazungusha kigingi robo duara, anakwenda kinachofuata, na kinachofuata, akimaliza vyote anarudia. Nusu saa nyingine. Mtafiti amekaa pembeni na saa yake anaandikaandika. Kazi ilipangwa iwe ya kuchosha hadi mifupa.

Saa ikiisha, mtafiti anajifanya ana shida. Anasema kuna msichana anasubiri nje, zamu yake inafuata, na kwa kawaida kuna mtu wa kumwambia kwamba kazi hii inafurahisha, ila leo mtu huyo hakutokea. Je, ungeweza kutusaidia? Tutakulipa. Wengine waliahidiwa dola 1. Wengine waliahidiwa dola 20, ambazo kwa bei za leo ni zaidi ya dola 200. Mwanafunzi anatoka, anamwambia msichana kwamba kazi ni nzuri sana. Msichana, ambaye kwa kweli aliajiriwa na watafiti, anajibu kwamba rafiki yake alimwambia inachosha. Mwanafunzi anabisha: hapana, utaipenda.

Mwishoni mtu mwingine, kama vile hahusiani na yote hayo, anamuuliza mwanafunzi jinsi alivyoiona ile kazi, kwa kipimo cha kutoka -5 hadi +5. Wale ambao hawakuombwa kusema uongo waliipa wastani wa -0.45, yaani walichoka. Waliolipwa dola 20 waliipa -0.05. Waliolipwa dola 1 waliipa +1.35.

Soma tena hapo. Aliyelipwa fedha nyingi alibaki akijua kwamba kazi ilikuwa ya kuchosha. Aliyelipwa kidogo ndiye aliyeishia kuipenda. Wa dola 20 akijiuliza kwa nini nimemdanganya yule binti, jibu liko mfukoni. Wa dola 1 hana jibu mfukoni. Hawezi kujiambia kwamba ameuza neno lake kwa dola moja, kwa hiyo njia iliyobaki ni kuona kwamba hakudanganya: kazi, ukiitazama vizuri, haikuwa mbaya. Baada ya hapo waliambiwa ukweli wote na kuombwa warudishe fedha, na walikubali.

Kwangu mimi huu ndio moyo wa habari yote, na ndipo nadharia hii inapokwenda kinyume na akili ya mtaani. Tumezoea kusema kwamba tuzo kubwa humbadilisha mtu na tuzo ndogo haimgusi. Kwa tendo la nje ni kweli. Kwa imani ya ndani mambo hugeuka: sababu ya nje ikiwa ndogo, mtu hulazimika kuichimba nyingine ndani yake mwenyewe. Ndiyo maana namhofia zaidi karani anayepokea elfu mbili kuliko anayepokea milioni mbili. Wa milioni mbili anajua amekula rushwa. Wa elfu mbili lazima aamini kwamba hakuna ubaya, kwamba huyu mwananchi alitoa kwa hiari, kwamba hata angekuwa nani angepokea. Kesho ana imani mpya, na imani mpya haihitaji kulipwa.

Kanuni hiyohiyo ilijaribiwa kwa watoto, na matokeo yake natamani kila mzazi mwenye fimbo mlangoni angeyajua. Mwaka 1963 Elliot Aronson na Carlsmith walichapisha jaribio la watoto 22 wa chekechea. Kila mtoto alipanga vitu vya kuchezea kwa jinsi alivyovipenda, kisha akakatazwa kimoja anachokipenda. Mara moja alitishwa kidogo tu: ukikichezea nitaudhika. Mara nyingine alitishwa sana: nitakasirika mno, nitachukua vyote niende zangu na sitarudi tena. Mtafiti akatoka. Hakuna mtoto aliyekigusa. Walipoulizwa tena, baada ya tishio kubwa watoto 14 walikuwa wamekipenda zaidi kuliko mwanzo na hakuna hata mmoja aliyekipenda pungufu. Baada ya tishio dogo, 8 walikuwa wamekishusha. Miaka miwili baadaye Jonathan Freedman alionyesha kwamba athari hiyo hudumu. Wiki kadhaa baada ya kukatazwa, mtu aliyewakataza akiwa hayupo kabisa, wavulana wengi waliotishwa sana walikichukua kitu na kukichezea, na wengi wa waliotishwa kidogo walikiacha.

Mtoto wa fimbo ana jibu la kwa nini hakugusa: fimbo. Fimbo ikiondoka na jibu linaondoka. Mtoto aliyeambiwa kwa upole analazimika kujijibu mwenyewe, na anajijibu kwamba hakitaki.

Majaribio mengine yalizunguka wazo hilohilo. Jack Brehm, mwaka 1956, aliwapa wanawake nafasi ya kuchagua kati ya vyombo viwili vya nyumbani walivyovipenda karibu sawa. Wakishachagua, walichokichagua kilipanda thamani machoni pao na walichokiacha kilishuka. Aliyewahi kununua simu kwa kusitasita kati ya mbili anajua: baada ya wiki ile nyingine inaonekana takataka. Aronson na Judson Mills, mwaka 1959, waliwapitisha wasichana wa chuo kwenye jaribio la aibu kabla ya kuwaruhusu kujiunga na kikundi cha mazungumzo, na mazungumzo yenyewe yakapangwa yawe ya kuchosha. Waliopitia aibu kubwa ndio waliokisifu kikundi zaidi. Kama nimeteseka kukiingia, hakiwezi kuwa cha ovyo.

Kuna kisa kingine kinachosimuliwa kila mahali, nami nakitaja kwa tahadhari. Desemba 1954 kikundi kidogo karibu na Chicago kilingoja gharika ya tarehe 21 na chombo cha angani cha kuwaokoa. Gharika haikuja. Festinger na wenzake, waliojipenyeza humo, waliandika kwamba baada ya unabii kushindwa waumini walianza kuutangaza kwa nguvu kuliko awali. Kisa ni kitamu, lakini watafiti waliojipenyeza walikuwa wengi ukilinganisha na udogo wa kikundi, na waliopitia nyaraka za kazi ile miaka ya karibuni wameeleza kwamba waliingilia mambo kuliko walivyokiri. Sikitumii kama ushahidi.

Ninachokiona kizito zaidi ni kazi ya Donald Cressey, mwanazuoni wa uhalifu, na hapa lazima nijirekebishe kidogo kuhusu mpangilio wa tendo na sababu. Cressey aliwahoji wafungwa Marekani waliokuwa wamekula fedha walizoaminiwa, watu wa hesabu na wa benki, wengi wao hawajawahi kuiba maishani. Kitabu chake kilitoka mwaka 1953. Aligundua kwamba wengi hawakuwahi kujiita wezi hata siku moja walipokuwa wakichukua. Walisema wanakopa. Na neno hilo hawakulitunga baada ya kukamatwa. Walikuwa nalo kabla, na ndilo lililowafungulia droo. Kwa hiyo sababu nyingine huja baada ya tendo kulisafisha, na nyingine hutangulia kulikaribisha. Zile zinazotangulia hatuzitungi peke yetu. Zimo katika lugha, zinatungojea.

Lugha yetu imejaa maneno hayo. Mweka hazina wa kikoba haibi fedha za kina mama, anazizungusha. Askari hapokei rushwa, anapewa ya maji. Sikiliza ulaini wa maneno hayo mdomoni. Tanzania ilifika mahali pa kuliingiza moja kwenye sheria: marekebisho ya sheria ya uchaguzi ya mwaka 2000 yalisema kwamba kitu kinachotolewa na mgombea kwa nia njema kama ukarimu wa kawaida au wa jadi hakihesabiwi kuwa rushwa. Ndiyo takrima. Neno zuri, lenye heshima, linalomkumbusha mtu ugeni na sahani ya wali. Mgombea aliyegawa khanga hakuhitaji tena kusutwa na nafsi, maana hakununua kura, alikirimu. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilivitangaza vifungu hivyo kuwa kinyume cha Katiba. Vifungu vilifutika. Neno bado linazungumzwa.

Je, nadharia ya Festinger imesimama? Kwa sehemu. Daryl Bem alidai mwaka 1967 kwamba hakuna haja ya kuzungumzia usumbufu wowote wa nafsi. Tunajijua kama tunavyowajua wengine, kwa kutazama matendo. Nikimaliza sahani ya pili nasema, kumbe nilikuwa na njaa. Hivyohivyo wa dola 1 alijitazama, akaona amesifu kazi kwa ujira mdogo, akahitimisha kwamba lazima aliipenda. Hoja ni nzuri na iliwasumbua watu kwa miaka. Jibu lilikuja mwaka 1974, Mark Zanna na Joel Cooper walipowapa watu kidonge kisicho na dawa kisha wakawaambia baadhi yao kwamba kitawafanya wajisikie wasiwasi. Hao hawakubadili mawazo. Waliukuta usumbufu mwilini, wakaubandika kwa kidonge, na haja ya kujihalalishia ikaisha. Basi usumbufu upo.

Lakini mwaka 2024 yalichapishwa matokeo ya maabara 39 za nchi 19, zilizoshirikisha watu karibu 4,900, na yamewafanya wengi wakune vichwa. Washiriki waliandika insha ya kutetea jambo wasilolikubali. Kwa mujibu wa nadharia, anayejiona ameandika kwa hiari abadilike kuliko anayeamriwa, kwa sababu aliyeamriwa ana kisingizio. Haikuwa hivyo. Makundi yote mawili yalisogea kuelekea walichokiandika, kwa kiasi kinachokaribiana. Ukisema jambo, linakuvuta, hilo limebaki. Ila kwamba linakuvuta kwa sababu ulikuwa huru kulikataa, hapo ndipo pamelegea. Mimi mwenyewe nimelazimika kuishika hadithi ya dola 1 kwa mikono miwili badala ya mmoja.

Hata hivyo mgongano huohuo unaweza kutumiwa kumsogeza mtu upande mzuri, na jaribio ninalolipenda kuliko yote lilifanyika bafuni. California ilikuwa na ukame, na chuo kikuu cha Santa Cruz kilikuwa kikihimiza watu wabane maji. Mwaka 1992 Chris Ann Dickerson, Aronson na wenzao walichapisha walichokifanya. Walimsimamisha mwanamke anayetoka bwawani kuogelea, wakati anaelekea kuoga. Baadhi waliombwa kusaini bango linalosema oga haraka, kama mimi naweza nawe unaweza, na pia kujibu maswali yanayowakumbusha mara ambazo wao wenyewe waliacha maji yakitiririka bure. Kisha wakaachwa waende. Bafuni kulikuwa na mwanamke mwingine anaoga, na ana saa. Ambao hawakuguswa kwa lolote waliacha maji wazi kwa takriban dakika 5. Waliosaini na kukumbushwa walitumia chini ya dakika 4. Kusaini peke yake au kukumbushwa peke yake kulisaidia kiasi tu. Nguvu ilikuwa katika kuvikutanisha. Hakuna aliyewahubiria wala kuwatisha. Waliwekewa tu maneno yao na matendo yao karibukaribu, wakati bado wana nafasi ya kuchagua.

Mdogo wangu alianza kupanda bodaboda kwenda chuo mwaka jana, na mama akaniagiza nizungumze naye. Nikampigia, nikamweleza habari za kichwa na lami kwa dakika kumi nzima. Aliponyamaza nikadhani amenielewa. Kumbe alikuwa anasubiri nimalize. Akauliza, kwa adabu kabisa, "Dada, na wewe unavaa?"

Asubuhi iliyofuata kijana alinyoosha mkono na ile kofia nyekundu. Nywele zilikuwa zimesukwa upya, wiki haijaisha. Nikavaa kikofia cha kitambaa, nikavaa kofia, nikahangaika na kamba ya kidevuni mpaka akanisaidia kuifunga. Yeye hakusema kitu, akawasha pikipiki. Tulipofika, misuko miwili ya mbele ilikuwa imelegea kweli.